Kona ya Nyumba: Majani ya plastiki juu ya terasi ya mbao



Wiki hii tunajibu swali la kikundi kimoja cha wamama washonaji hapa Bukavu. Mbele ya chumba chao cha kushonea kuna terasi ya mbao inayotazama bonde, na watoto wao wadogo wanashinda pale wakati mama zao wako kwenye mashine. Mbao zimechakaa. Zinachoma magoti ya watoto, misumari imeanza kutoa vichwa, na mvua ikinyesha mtu anateleza. Kikundi kimeweka pesa ya likelemba pembeni miezi mingi, na sasa kinataka kununua majani ya plastiki, ile gazoni inayouzwa kwa kukatwa mita. Wanauliza mambo mawili: yatafaa? Na yanawekwaje?

Yanaweza kufaa sana. Lakini kabla ya kufika kwenye namna ya kuyaweka, tuelewane juu ya jambo moja. Majani haya ni nguo. Ukimvalisha mtoto nguo mpya juu ya kidonda, watu watamsifu njiani na kidonda kitaendelea kuoza. Terasi ni vilevile. Ubao mbovu ukifunikwa unaoza haraka zaidi, na hakuna anayeuona mpaka siku mguu wa mtoto unapopita. Kwa hiyo leo sehemu kubwa ya mazungumzo yetu itakuwa juu ya vitu vilivyo chini ya majani.

Ni kitu gani hasa

Majani haya ni nyuzi za plastiki zilizoshonwa kwa mashine juu ya kitambaa kigumu, mstari kwa mstari, kisha mgongo wa kitambaa ukapakwa mpira ili nyuzi zisitoke. Ninyi washonaji mkiyageuza mtaiona ile mishono mara moja. Yalianza Marekani. Mwaka 1964 yalitandikwa katika shule moja ya Providence, na mwaka 1966 yakajulikana dunia nzima katika uwanja wa Astrodome, mjini Houston, ambao ulikuwa na paa. Majani ya kweli yalikufa mle ndani kwa kukosa jua, basi wakaweka ya plastiki. Hapa kwetu wapenzi wa mpira wanayajua kutokana na uwanja wa TP Mazembe kule Kamalondo, Lubumbashi, uliofunguliwa mwaka 2011.

Ya uwanja na ya nyumbani si sawa. Ya uwanja ni marefu, na katikati yake wanatia mchanga pamoja na punje nyeusi za mpira, ambazo mara nyingi zinatoka kwenye matairi ya zamani. Ya nyumbani ni mafupi na hayahitaji punje hizo. Mtu akiwauzia kipande kilichotolewa uwanjani, kikiwa bado na punje nyeusi, mkiache. Mtoto mdogo anatia kila kitu mdomoni. Umoja wa Ulaya wenyewe uliamua mwaka 2023 kusimamisha uuzaji wa punje hizo, ukatoa miaka 8 ya kuzoea, sababu zinatawanyika katika udongo na maji.

Kwanza, mbao

Chagueni siku kavu. Chukueni bisibisi au kisu chembamba, pigeni magoti, mpite ubao kwa ubao. Choma mbao karibu na misumari, kwenye ncha, na mahali maji yanaposimama. Ubao mzima unakataa ncha ya kisu. Ubao uliooza unaipokea kama ndizi iliyoiva. Huo unatolewa, hata kama juu unaonekana mzuri.

Kisha shukeni chini ya terasi, kama kuna nafasi ya kupita, na taa mkononi. Huko ndiko kuna kazi yenyewe. Tazameni zile shevro zinazobeba mbao na nguzo zinazobeba shevro. Mguu wa nguzo unaooza ni ule unaogusa udongo. Mkiona njia ndogo za udongo zinapanda juu ya nguzo, mchwa wameshaingia. Piga nguzo kwa nyundo: iliyo nzima inalia kavu, iliyoliwa ndani inalia kama ngoma tupu. Hapo hakuna majani ya kununua. Pesa inaenda kwanza kwa fundi wa mbao.

Misumari iliyotoa vichwa ingizeni tena ndani, au vizuri zaidi itoeni, mtie skrubu, sababu skrubu haipandi juu mbao zinapovimba na kukauka. Pigeni msasa mahali penye vipande vinavyochoma. Mbao mpya zipakwe vernisi au rangi ya nje pande zote, na upande wa chini pia, kabla ya kupigiliwa. Watu wengi hapa wanapaka mafuta ya zamani ya moteri ili kufukuza mchwa. Mafuta hayo yana sumu, yanaingia kwenye ngozi, na kole haishiki juu yake. Msiyapake pale mtoto anapotambaa.

Pili, maji

Hapa Bukavu mvua inaanza mwezi wa 9 na inatuachia mwezi wa 5. Tufanye hesabu kidogo, kama darasani. Mvua ya milimita 1 juu ya mita mraba 1 ni litre 1 ya maji. Terasi yenye mita 4 kwa mita 3 ina mita mraba 12. Ikipigwa na mvua kubwa ya milimita 30, inapokea litre 360. Hizo ni bido 18 za litre 20, kwa mvua moja tu! Maji hayo yote lazima yapite mahali fulani.

Leo yanapita katikati ya mbao. Mkitandika majani, yatapaswa kupita kwanza kwenye majani, kisha katikati ya mbao. Kwa hiyo kuna mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza: nafasi kati ya ubao na ubao. Iwe karibu milimita 5, na iwe wazi. Mara nyingi imejaa udongo, mabaki ya chakula na vipande vya kitambaa. Pitisheni kisu katika kila mstari, mtoe uchafu wote.

La pili: matundu ya mgongo wa majani. Majani mazuri yana matundu madogo yaliyopangwa. Lakini madukani kuna ya bei ndogo ambayo hayana tundu hata moja. Kabla ya kulipa, ombeni kipande, mkishike hewani, mwage kikombe cha maji juu yake. Maji yakisimama, jueni mnanunua karai. Kama hakuna mengine, matundu yanaweza kutobolewa kwa msumari uliotiwa moto, moja kila sentimita 10, lakini mfanye nje penye upepo, watoto wakiwa mbali, sababu moshi wa plastiki ni mbaya.

La tatu: hewa. Mgongo wa majani ukilala moja kwa moja juu ya ubao, unyevu unabaki katikati yao siku nyingi. Dawa yake ni kutia chini ya majani mkeka wa plastiki wenye vinundu, ule unaoacha maji yapite. Kama hamuupati, basi msigandishe majani kwa kole juu ya terasi nzima. Yashikeni pembeni tu, ili muweze kuyakunja na kuacha mbao zikauke. Kwa terasi ndogo ya kikundi, mimi ningechagua njia hii hata kama kole ipo.

Na maji yakishapita, yanaanguka kwa nani? Tunaishi milimani. Chini ya terasi yenu kuna ukuta wa mtu, au njia, au udongo unaoteremka kila mwaka. Bido 18 zikimwagika mahali pamoja zinachimba. Tieni mfereji chini ya ukingo, mwelekeze maji kwenye mtaro au kwenye pipa. Maji ya pipa hilo hayanywewi, lakini yatasafisha terasi yenyewe. Mfereji ni pesa kidogo kuliko ugomvi na jirani.

Kupima kabla ya kununua

Majani yanauzwa kwa roli, na roli nyingi zina upana wa mita 2 au mita 4. Hesabu mbaya inakula akiba yenu. Tuchukue terasi yetu ya mita 4 kwa mita 3, na roli ya upana wa mita 2. Mkikata vipande viwili vya urefu wa mita 3 na kuviweka sambamba, vinafunika terasi nzima: mnalipa mita 6 za roli, yaani mita mraba 12. Mkigeuza na kukata vipande vya urefu wa mita 4, kimoja kinafunika mita 2 za upana, na cha pili mnalazimika kukikata nusu: mnalipa mita 8 za roli, yaani mita mraba 16, na mita mraba 4 zinabaki kona. Chora terasi kwenye karatasi kabla ya kwenda dukani. Ongezeni sentimita 10 katika urefu wa kila kipande kwa ajili ya kusawazisha.

Kwa watoto, urefu wa nyuzi wa milimita 20 hadi 30 unatosha. Marefu zaidi ni laini, lakini yanalala haraka na yanashika uchafu. Kunja kipande katikati, utazame mgongo: kama unauona wazi katikati ya nyuzi, mishono ni michache na hayatadumu. Vuta nyuzi kidogo kwa kidole. Zikikufuata, rudisha dukani.

Siku ya kuyaweka

Fungueni roli asubuhi, myaache masaa machache juani yalegee, la sivyo kona zitakuwa zinainuka. Fagieni terasi vizuri.

Pangeni vipande vyote vikilala upande mmoja. Nyuzi zina mlalo kama kitambaa cha velua, na kipande kimoja kikigeuzwa, terasi itaonekana na rangi mbili. Washonaji hawahitaji kufundishwa jambo hili! Nyuzi zielekezwe upande wa mlango, ndipo zinapendeza kwa mtu anayetoka ndani.

Kukata kunafanywa kwa mgongo, kwa kisu kikali, mkifuata nafasi kati ya mistari miwili ya mishono. Msikate kwa juu, mtakata nyuzi nazo. Pale vipande viwili vinapokutana, punguzeni kila kimoja mistari miwili au mitatu ya ukingo, kisha visogezeni mpaka nafasi kati yao ilingane na nafasi kati ya mstari na mstari. Visipandane. Chini ya maungio tieni utepe mpana wa kuungia, pamoja na kole ya nje isiyoogopa maji. Skochi ya pande mbili inafaa pia, lakini inashika tu juu ya mahali pakavu na safi. Wekeni uzito juu mpaka kesho yake, na mvua isifike.

Pembeni, bana majani kwa ubao mwembamba uliotiwa skrubu. Unaficha ukingo, unazuia vidole vya watoto kuuvuta, na mkitaka kukunja mnafungua skrubu tu. Pale maji yanapotokea, acheni nafasi chini ya ubao huo.

Fundi akiwaambia mtie mchanga juu ya majani, mwambieni huo ni wa ardhini. Kilo 5 tu kwa kila mita mraba, kwenye terasi yetu ni kilo 60 za kubebwa na mbao daima, tena mchanga utashuka na kuziba zile nafasi mlizofungua.

Moto, jua na ukingo

Sasa jambo ambalo mwenye duka hatawaambia. Wengi wetu tunapikia kwenye terasi. Plastiki na mbabula havikai pamoja. Cheche moja ya makala inatoboa majani, na kaa zima likianguka linaweza kuwasha plastiki na ubao ulio chini yake. Kwa hiyo mbabula ihame. Kama hakuna mahali pengine pa kuihamishia, kateni terasi sehemu mbili: upande wa moto ubaki bila majani, uwe na bati au sementi chini ya mbabula, na ukingo mdogo wa mbao uwatenganishe watoto na moto. Pasi ya makala nayo isiwekwe juu ya majani, hata kwa dakika moja. Kama hamwezi kukubaliana juu ya hili katika kikundi, msinunue majani.

Jua pia. Majani ya kweli yana maji ndani yake, yanajipoza. Plastiki haijipozi, na saa sita mchana inaweza kuwa na moto mkali kuliko ubao. Wekeni mgongo wa mkono juu yake, hesabuni mpaka tano. Kama mkono unakimbia, mtoto asikanyage peku. Maji yaliyonyunyizwa yanapoza kwa muda mfupi. Kivuli cha paa au cha turubai kinasaidia zaidi.

Na ukingo wa terasi. Wakati mbao zilikuwa zinachoma, watoto walikaa kidogo tu pale. Terasi ikiwa laini, watakimbia, watapigana mieleka, watarudi nyuma bila kutazama. Basi kazi ya ukingo inaongezeka siku ileile. Uwe na urefu wa mita 1 hivi. Mbao zake zisimame wima, sababu zikilala mtoto anazipanda kama ngazi. Nafasi kati yao isipite sentimita 10, ili kichwa cha mdogo kisipenye. Mtu mzima ausukume kwa nguvu zake zote. Ukitikisika, hautoshi.

Kuyatunza

Kila siku fagio gumu, likipita kinyume cha mlalo ili nyuzi zisimame. Mkojo wa mtoto na mavi ya kuku yaoshwe palepale kwa maji na sabuni kidogo. Harufu ikibaki, changanyeni vinega na maji mengi, mmwage, msugue, msuuze. Mara moja kwa mwezi, na mara mbili wakati wa mvua, fungueni kona moja na kunusa. Harufu ya ukungu inasema maji hayapiti. Mwanzo wa mwezi wa 6, mvua ikikatika, kunjeni majani yote na kupitia mbao tena kwa kisu, kama siku ya kwanza. Pangeni zamu, mwandike majina ukutani.

Vipande vinavyobaki msitupe bondeni. Tunajua vitu vya bondeni vinakwenda wapi: mvua inavipeleka ziwani, ziwa linavipeleka Ruzizi, na plastiki inaziba mashine za umeme kule. Kipande kidogo kinafaa kupangusia viatu mlangoni. Na majani yenyewe yatazeeka: rangi inafifia, nyuzi zinakatika. Siku hiyo hayachomwi katika parsela.

Kama pesa haitoshi

Tukusanye yote, dada zetu washonaji. Andikeni matumizi kwa mpangilio huu: nguzo na shevro, mbao na skrubu, ukingo, mfereji wa maji, mahali pa mbabula, halafu majani. Anzeni juu na kushuka. Pesa ikiishia kwenye mfereji, msikope ili mfikie majani. Terasi yenye mbao nzima zilizopigwa msasa, ukingo imara na mikeka miwili ya kutandika asubuhi na kukunja jioni, inalinda watoto vizuri kabisa. Majani yanaweza kungoja likelemba ijayo.

Lakini mkianza na majani kwa sababu ndiyo yanaonekana, kila mgeni atawasifu, na hakuna atakayetaka kuyafunua tena ili kutazama chini. Hapo ndipo hatari inapolala.

Mwenyekiti wa kikundi achukue kisu na taa Jumamosi hii kama mvua itaturuhusu, pamoja na wamama wawili mashahidi, na waandike ubao kwa ubao. Wiki ijayo katika Kona ya Nyumba: namna ya kuhifadhi maharagwe bila kubunguliwa.

Mwalimu wenu